Mishubiri minne, jina moja: upi ni wa ute na upi ni pori?

Kitalu_Arusha
Wakuu, heshima kwenu. Kitaluni kuna mimea minne, yote iliuzwa kwa jina la "alovera". Nataka kuzalisha ule wa ute tu, niuze miche.

A: kijani cha kijivujivu, majani ya ndani yana madoa meupe kidogo, umezungukwa na watoto tisa.
B: kijani kilichokolea, jani halina doa, miiba ya pembeni ni ya kahawia, hauna mtoto hata mmoja.
C: mabaka meupe marefu yamejipanga kama mistari iliyokatikakatika, ncha za majani zimekauka.
D: jani gumu la kijivu, nchani mwiba mmoja mweusi.

Hakuna uliochanua bado. Nianze kuangalia nini?

MzeeMiche
Anza kwa kuutoa D, huo si mshubiri kabisa, ni ndugu wa mkonge. Kata kipande cha jani ukivunje: la mkonge linaacha nyuzi zinaning'inia, la mshubiri linavunjika kama tango. Vaa glavu, maji ya mkonge yanawasha. Na mkonge ukishachanua unakufa. Mshubiri unachanua miaka na miaka.

BiShamba
Hao watatu waliobaki, usianze na madoa. Madoa ndiyo yanayowapoteza wengi: Aloe vera (mshubiri wa ute, kwa dalili ndiyo A yako) ikiwa changa ina madoa na ikikua yanafifia, kwa hiyo mtoto wa A na mtoto wa C ukiwaweka pamoja utababaika. Rangi nayo inadanganya. Jua kali na kiu vinaufanya mshubiri wowote uwe mwekundu-kahawia, ukiuhamishia kivulini unarudi kijani.

Pitisha kidole pembeni mwa jani. Aloe vera miiba yake ni midogo, myeupe, laini kiasi kwamba haikukwaruzi sana. B ikikuchoma, na ncha zake ni ngumu za kahawia, basi karibu hakika ni Aloe secundiflora, mshubiri pori wa nyika zenu huko kaskazini na Kenya. Huo kwa kawaida unakaa peke yake, ndiyo maana hauna watoto. C kwa maelezo yako inafanana na Aloe lateritia.

Ila hukumu ya mwisho ni ua. Aloe vera: bomba la njano linaloning'inia kwenye mshale ulionyooka. Secundiflora: mapinki yanayoelekea wekundu, yote yamegeukia upande mmoja wa tawi kama watu wanaotazama barabarani. Lateritia: rangi ya matofali, vichwa bapa kama mwavuli, na kila ua lina kitumbo cha mviringo chini, kisha shingo nyembamba. Hicho kitumbo hakidanganyi.

Mpakato
Nyongeza kwa BiShamba: usiseme kila ua la chungwa ni pori. Kuna aina ndogo inayouzwa kama *chinensis*, inabaki na madoa hata ikikua na ua lake ni la chungwa. Ndiyo inayojaa kwenye vyungu vya mjini. Tazama kitumbo cha ua, si rangi.

Kitalu_Arusha
Ahsanteni. Na mteja akikosea, akasaga B kwenye juisi?

BiShamba
Ataharisha, na msokoto wa tumbo juu. Lakini usidhani A iko salama kwa jina lake. Ule utomvu wa njano, wenye aloini (kitu kichungu kinachoharisha), uko chini ya ganda la Aloe vera pia. Wengi wanaolalamika walisaga jani zima na ganda lake. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto wasinywe kabisa.

Kwa ute wa kupaka: chukua jani la nje, la chini, kwenye mmea uliokomaa. Likate shinani, lisimamishe kwenye kikombe, mkato chini, kwa dakika 15. Utaona matone ya njano yakigeuka kahawia. Yakiingia nguoni hayatoki. Kata sentimita 3 za chini za jani, ondoa kingo zenye miiba, menya ganda kwa unene, usilibanebane. Kisha suuza ute mpaka maji yasiwe na unjano. Usipake kwenye kidonda kilichoingia ndani.

KukuNaMboga
B usiitupe. Wafugaji wengi huiloweka kwenye maji ya kuku wakati wa ugonjwa wa kideri. Haichukui nafasi ya chanjo, hilo waambie wateja wazi.

MzeeMiche
Kwenye kuzalisha, chipukizi la A ling'oe likiwa na sentimita 15 hivi na mizizi yake. Liache kivulini siku 3 kidonda kikauke, panda kwenye mchanga na mboji kidogo, maji baada ya wiki. Linalomwagiliwa siku hiyohiyo huozea shingoni. Anayekuuzia "mbegu za alovera" muulize maswali. Mmea huu huzalishwa kwa watoto, mbegu zake ni nadra.

Na ukifikiria kuuza nje ya nchi: karibu mishubiri yote iko kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini; michache adimu iko cha I, na Aloe vera haimo kabisa. B na C zinahitaji kibali, kwa hiyo kibandiko kisichokosea kina thamani.

Kitalu_Arusha
D nimeivunja: nyuzi tupu. Inahamia kwenye uzio. C nasubiri ichanue ndiyo niiandikie jina.