Nikimpiga bibi picha uso unatoka giza, nakosea wapi?

chipukizi_tanga:
Jamani habari za mchana, naombeni msaada. Sikukuu nilienda Pangani kwa bibi nikamsimamisha mbele ya ukuta mweupe saa saba mchana jua kali, nikajua mwanga mwingi ndo picha nzuri, kumbe ukuta umetoka safi ila uso wa bibi giza tupu macho hata hayaonekani. Simu yangu ya bei ndogo tu. Bibi ana miaka 80 na kitu na hatuna picha yake ya maana hata moja, wikiendi nataka nirudi nipige upya.

mzee_wa_fremu:
Pole mdogo wangu, simu yako haina tatizo. Inapima mwanga wa picha nzima, sasa ikikuta ukuta mweupe umejaa inaona kumezidi kung'aa inapunguza, na sisi weusi ndo tunaumia hapo. Gusa uso wa bibi kwenye skrini, shikilia kidole mpaka simu ijifungie hapo usoni, halafu kale kaalama ka jua kanakotokea pembeni kwenye skrini kapandishe taratibu mpaka ngozi yake iwe vile unavyoijua. Ukuta ukiungua, yaani ukitoka mweupe tupu, uache uungue, unampiga bibi.

Na saa saba usirudie, jua liko utosini macho yanaingia kivulini. Nenda kumi na moja na nusu jioni, na uwahi maana jua la huku likianza kuzama halichelewi.

dada_wa_kibarazani:
Mi jioni sikubaliani sana, wazee muda huo washachoka. Mkalishe mlangoni, ndani kidogo ya kizingiti, atazame nje, hapo hata saa sita unapiga, uso unapata mwanga laini na nyuma yake chumba kinabaki giza, mama yangu nilimpiga hivyo hivyo akichambua mchele wala hakujua na ndo picha yake ninayoipenda kuliko zote. Zoom usivute, sogea mwenyewe ila usimkaribie mno pua itakuwa kubwa. Na lenzi ifute kwanza jamani!! mafuta ya vidole yanaleta ukungu.

chipukizi_tanga:
Nimejaribu kwa mdogo wangu mlangoni sasa hivi, macho yana nuru kabisa, asanteni sana. Ila nikimtumia shangazi WhatsApp inafifia?

mzee_wa_fremu:
WhatsApp inabana picha, itume kama dokyumenti. Ya kusafisha ya ukutani peleka studio ikiwa kwenye flash disk.