Naombeni ushauri: mama anakaa tu ndani, hapa Moshi kuna vikundi vya mazoezi ya wazee?

Binti Kibosho: Habari zenu wadau, wakubwa shikamooni. Mama yangu ana miaka 71, baba alipofariki mwaka juzi tukamshusha kutoka Kibosho tukae naye hapa Pasua, tukasema apumzike maana kule alikuwa anakata majani ya ng'ombe anapandisha nayo kilima kichwani kila siku. Sasa kapumzika mpaka imekuwa tatizo. Dada anafua, dada anapika, yeye toka asubuhi kwenye kochi. Juzi nikamwangalia anavyoinuka, kashika meza, kajisukuma mara tatu ndo akasimama, halafu akatulia kwanza kama mtu anayesubiri gari lipite avuke. Nilienda jikoni nikalia. Presha anayo, dawa anatumia. Nikimwambia atembee anasema peke yake haoni raha.

Meku wa Majengo: Pole mdogo wangu. Usimpeleke jogging klabu, mimi nilimpeleka mzee wangu vijana wakakimbia na nyimbo zao wakamwacha kona ya kwanza, hakurudi tena. Tafuta wa rika lake. Huku kwetu ilianzia kwenye jumuiya, wamama wanne wakitoka misa ya asubuhi wanazunguka mitaa kidogo ndo wanarudi nyumbani, saa hizi wako kumi na kitu na asiyeonekana anafuatwa mpaka mlangoni. Hapo ndo penye siri, kufuatwa.

Fizio: Kwanza akapimwe presha, ikiwa juu itulizwe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unasema wa miaka 65 kwenda juu wapate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kuchangamka, nguvu za misuli siku mbili, na balansi siku tatu, hiyo ya balansi wengi wanaisahau wakati ndo inayosaidia mtu asianguke. Aanze na dakika kumi tu. Na hilo kochi linamzamisha, mtafutie kiti kigumu cha mbao ukiegemeze ukutani, akae asimame mara tano, apumzike, arudie, mwanzoni wewe uwe pembeni yake. Akitembea awe anaweza kuongea ila kuimba hawezi. Kifua kikibana au akisikia kizunguzungu aache, apelekwe hospitali.

Mama Wawili: Na mrudishieni kazi jamani, mmemwachisha shamba na ng'ombe hamkumpa kitu mkononi. Hata matuta mawili ya mnafu hapo nyuma ya nyumba, amwagilie mwenyewe.

Binti Kibosho: Mama Wawili umenigusa sana, kesho natafuta mbegu. Halafu kumbe kuna bibi nyumba ya tatu naye yuko ndani tu, jioni hii wameongea getini karibu nusu saa na wote wamesimama! Meku, hao wamama wanaanza saa ngapi, niwalete wote wawili?

Meku wa Majengo: Saa kumi na mbili na nusu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, tunakutana nje ya kanisa. Waje na raba, ndala hapana. Nitumie meseji nikuelekeze.