Tupeane uzoefu: mechi za mtoano za kikapu za vijana Kanada, za enzi za wazee na za watoto wetu

Mtanga wa Victoria (mleta mada)

Habari zenu wanajamvi. Wengi wetu tulio huku Kanada tuna vijana wanaocheza kikapu, na mwezi wa tatu ukifika ni mechi za mtoano, safari, na koo kukauka kwa kushangilia. Naomba tusimuliane tuliyoyaona au kuyasikia, ya sasa na ya zamani. Naanza na la zamani, maana limenikaa moyoni miaka mingi.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Mwaka 2014 nilipangiwa mzee mmoja wa hapa Victoria, mji wa kisiwani pwani ya magharibi, umri wake miaka 84. Nilikuwa namwita Babu, na nilipomweleza maana yake hakutaka tena kuitwa vinginevyo. Alikuwa anasahau kama amekwisha kunywa chai. Ila mechi moja ya vijana, ya mwishoni mwa miaka ya 1940, alikuwa nayo kichwani yote, hadi harufu ya dawa ya kusugulia misuli.

Mjue kwamba mji huu ulikuwa na jina kubwa katika kikapu. Timu ya wakubwa, Victoria Dominoes, ilitwaa ubingwa wa Kanada mara kadhaa miaka ya 1930 na 1940. Mwaka 1939 ilikuwa na kijana wa miaka 16, Norm Baker, ambaye baadaye, mwaka 1950, alitajwa kuwa mchezaji bora wa kikapu wa Kanada wa nusu ya kwanza ya karne. Babu wakati ule ni mtoto wa miaka tisa. Kila mtoto wa mtaani kwao alijiita Baker.

Basi alipofika umri wa timu ya vijana, wakapangwa na timu ya Vancouver, mechi mbili, nyumbani na ugenini, pointi zinajumlishwa. Anayeshinda anaendelea kuvuka milima kwenda kukutana na mabingwa wa majimbo mengine, maana ubingwa wa nchi ulipatikana hivyo: Magharibi wanachujana wao kwa wao, Mashariki vilevile, kisha pande mbili zinakutana. Walivuka bahari kwa meli ya usiku, wakafungwa Vancouver kwa pointi kumi. Wiki iliyofuata, nyumbani, jimu limejaa hadi watu wamekaa sakafuni kando ya mstari, wakashinda kwa pointi tisa. Dakika ya mwisho Babu alipewa mtupo huru, ule wa pointi moja unaopewa ukichezewa rafu. Akakosa.

"Tulishinda, tukatolewa," alikuwa ananiambia. "Na ni mimi niliyewatoa." Alikuwa ameazima koti zito la mjomba wake kwa safari ya Alberta, jimbo la ng'ambo ya milima. Alilirudisha bila kulivaa. Miaka zaidi ya sitini mzee wa watu bado anajilaumu. Nilikuwa namfunika blanketi, nasema, Babu, mtupo mmoja tu huo. Anatikisa kichwa.

Alifariki 2017. Haya, wengine mnasemaje?

Kocha wa Windsor

Jambo wote. Mie ni mtu wa Bukavu, niko Windsor tangu 2009, nafundisha vijana kikapu jioni. Asante mleta mada, umenitoa machozi.

Mji wetu nao una mambo yake. Mwaka 1936 timu ya hapa, Windsor Ford V-8, ilitwaa ubingwa wa Kanada, ikaenda Olimpiki ya Berlin ikiongezewa wachezaji wa Victoria, wakiwemo ndugu wawili, Art na Chuck Chapman. Fainali ilichezwa nje, kwenye uwanja wa udongo na mchanga, mvua inanyesha. Mpira ukidundwa haurudi, unabaki kwenye tope. Marekani 19, Kanada 8. Fortenberry wa Marekani peke yake alifunga 8, sawa na Kanada nzima. Na aliyewapa medali ni James Naismith mwenyewe, mzaliwa wa Ontario, aliyeubuni mchezo huu 1891. Kila mwaka nawaonyesha vijana wangu picha za mvua ile kabla ya mechi zetu za mtoano. Hawanilalamikii tena kwamba sakafu inateleza.

Kuhusu pointi za jumla: natumia mazoezini. Nawachezesha Jumanne na Alhamisi, timu zilezile, matokeo najumlisha. Waliofungwa Jumanne kwa pointi kumi na mbili hawana ruhusa ya kukata tamaa, kwa sababu kila kikapu wanachopunguza ni mali yao ya Alhamisi. Vijana wa leo wakiachwa pointi kumi na tano wanaanza kuangalia saa ya ukutani. Ugonjwa huo niliutibu kwa dawa hiyo.

Dereva wa Masafa

Mkuu, hiyo habari ya kuvuka milima naielewa vizuri. Mimi ni mtu wa Eldoret, naendesha trela Winnipeg hadi Toronto, zaidi ya kilomita 2,000, na kaskazini ya Ziwa Superior kuna mahali unaendesha saa mzima huoni hata taa ya nyumba. Na hapo bado hujafika nusu ya nchi. Hao vijana walikuwa wanakaa kwenye treni siku kadhaa, miguu imejikunja, kisha wanashuka kucheza. Mtu asiyeijua Kanada hawezi kuelewa kwamba huku mpinzani wa kwanza ni umbali.

Kijana wangu tunaishi naye Thunder Bay. Timu yao ilipata nafasi ya mashindano ya jimbo, kilomita karibu 1,400 hadi kule Toronto. Kina mama wetu walipika mandazi na sambusa, wakauza ukumbi wa kanisa wikendi tatu mpaka nauli ya basi ikatimia. Barabara ilifungwa kwa theluji, wakalala njiani usiku mmoja, wakafika asubuhi ya mechi. Wakacheza mbili, wakafungwa zote mbili, wakarudi. Nilidhani atakuwa na huzuni. Aliposhuka kwenye basi alinikumbatia, na yeye si mtu wa kukumbatia.

Mama Mapacha, Edmonton

Samahani natoka kidogo nje ya mada, nyinyi mnaongea wavulana tu. Hapa Edmonton walikuwepo wasichana, Edmonton Grads, kuanzia 1915 hadi 1940, walianzia shuleni tu chini ya mwalimu wao Percy Page. Walishinda michezo 502 wakafungwa 20. Nimewawekea mapacha wangu picha yao ukutani, wa kiume na wa kike. Ni hayo tu.

Baba wa Ottawa

Nami nichangie. Mwaka 2017 vijana wa Kanada wa chini ya miaka 19 walichukua ubingwa wa dunia kule Cairo. Nusu fainali waliwatoa Marekani 99 kwa 87, RJ Barrett alifunga 38. Nilikuwa nimekaa na wanangu wawili sebuleni, sisi ni watu wa Bujumbura, na tulipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Tukamkaribisha, akakaa hadi mwisho.

Majira hayo hayo niliwapeleka Almonte, alikozaliwa Naismith, si mbali na Ottawa. Ipo sanamu yake. Utotoni alikuwa anacheza mchezo wa kulenga: jiwe linawekwa juu ya mwamba, nyinyi mnarusha yenu mliangushe. Aligundua kwamba ukirusha kwa nguvu na moja kwa moja hupati, ukilipandisha taratibu likashuka ndiyo unapata. Nikawaambia wanangu, huko si ndiko kupopoa maembe? Sisi tumekulia humo!

Asiyeamini

Mimi sikubali hizo pointi za jumla. Mtu ameshinda mechi, unamwambiaje nenda nyumbani? Bora zichezwe tatu, anayeshinda mbili ndiye.

Mtanga wa Victoria (mleta mada)

Ndugu yangu, mechi tatu ni meli tatu, hoteli tatu, na wale walikuwa wanafunzi na vijana wa viwandani wanaoomba ruhusa kazini. Mbili ndizo zilizowezekana. Ila uchungu wake nakubaliana nawe, nimeushuhudia.

Msomaji wa Magazeti Makuukuu

Mleta mada, nimesoma habari ya Babu mara mbili. Mimi niko Vancouver, nilizaliwa Mombasa, na ugonjwa wangu ni magazeti ya zamani. Gazeti la huko kwenu, Daily Colonist, lote limepigwa picha na kuwekwa mtandaoni, kuanzia 1858 hadi 1980. Mechi za vijana walikuwa wanaziandika kwa herufi ndogo chini ya ukurasa wa michezo: jina la mchezaji, pointi, basi.

Ukisoma yale ya kabla ya 1937 utashangaa matokeo yalivyo madogo, timu zinamaliza mechi nzima na pointi ishirini na kitu. Sababu moja ni kwamba kila kikapu kikifungwa mpira ulikuwa unarudishwa katikati, warefu wawili wanaruka kuugombea. Muda uliliwa hapo, na aliyekuwa na mtu mrefu mmoja alimnyima mwenzake mpira usiku kucha.

Nitumie jina na mwaka faraghani.

Msomaji wa Magazeti Makuukuu

Wadau, nimerudi. Imenichukua jioni nne. Mechi zote mbili zipo. Jina silitaji kwa heshima ya familia, ila mleta mada nimekutumia kurasa.

Ya nyumbani, walishinda kwa tisa kama alivyosema. Babu ana pointi sita. Ya Vancouver hawakufungwa kwa kumi, mkuu. Walifungwa kwa kumi na mbili. Walitolewa kwa pointi tatu. Ule mtupo ungeingia, wangetolewa kwa mbili.

Mtanga wa Victoria (mleta mada)

Nimekaa na karatasi hizi mezani tangu alfajiri, nimezipiga hesabu zaidi ya mara moja. Kumi na mbili, toa tisa. Toa mmoja.

Binti yake bado anaishi hapa mjini, alikuwa ananiletea keki kila Krismasi. Nimempigia simu, nikamsomea. Alinyamaza muda mrefu, akaniuliza kama naweza kuja leo, na kama lile gazeti linaonyesha majina ya wenzake wote. Nikamwambia yote yapo. Natoka sasa hivi.