Naomba ushauri: njia ya mkato ya kutoa flashi salama kwenye Windows 10

Habari zenu wakuu. Nina steshenari huku Nyegezi, Mwanza, na wateja wangu wengi ni wanachuo wanaoleta kazi kwenye flashi. Foleni ikiwa ndefu mtu anachomoa yake huku taa bado inapepesa. Hapo flashi huenda bado inaandika, na tasnifu ya mtu inaweza kuharibika. Hilo linaniuma sana.

Nimetengeneza njia ya mkato kwenye desktopu yenye amri hii:

rundll32.exe shell32.dll,Control_RunDLL hotplug.dll

Nikaipa vitufe Ctrl+Alt+F. Inafanya kazi, ila inaleta orodha tu. Bado lazima uchague flashi kisha ubonyeze Stop. Nataka kubonyeza mara moja flashi itoke, bila kugusa diski yangu ya nje inayokaa imechomekwa siku nzima.

Najua tangu toleo la 1809 Windows huja na mpangilio wa kuchomoa haraka (unachomoa flashi bila kuitoa kwanza kwenye Windows), lakini hauokoi faili ambalo halijamaliza kunakiliwa.

Kuna mwenye skripti ya PowerShell (faili la amri za Windows) anayoiamini, au programu ndogo ya bure isiyohitaji intaneti? Na zikichomekwa flashi mbili kwa pamoja, itajuaje itoe ipi?