Kaliandra yangu inagoma kuota, naombeni ushauri

Wakuu habari za jioni, niko Lushoto nina ng'ombe wawili wa maziwa na chakula cha dukani kimepanda bei mpaka nimechoka, sasa jirani ana uzio wa kaliandra, ule mti mdogo wa malisho wenye maua mekundu kama brashi nyuki hawatoki hapo, anasema kilo 3 mbichi zinafanya kazi ya kilo 1 ya chakula cha dukani. Akanipa mbegu nikaloweka usiku mmoja tu nikapanda kwenye viriba 60. Zimeota 11! Na hizo 11 majani ya chini yanageuka njano, nikang'oa mche mmoja mizizi myeupee haina hata kinundu, wakati ya jirani ina vinundu kama punje za mtama.

Kuna aliyeniambia niloweke saa 48 maji ya baridi, mwingine anasema ya moto, nimsikilize nani? Na nikichota udongo chini ya uzio wa jirani nikachanganya kwenye viriba ili miche yangu nayo ipate vinundu, itasaidia? Halafu nianze kukata lini, ikifikisha mwaka mmoja? Jirani anakata usawa wa kiuno na analisha hapohapo kabla haijanyauka. Ng'ombe wangu washaanza kuchungulia kitalu hahaha