Tupeane uzoefu: katika matamasha ya hisani ya kimataifa, ni mwanamuziki gani alikugusa na yupi alikuangusha?

Mwanzisha mada, Majengo, Dodoma

Ndugu wanachama, tarehe 13 Julai 1985, tamasha la Live Aid lilipofanyika London na Philadelphia kuwachangia waliokumbwa na njaa Ethiopia, Tanzania Bara hatukuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Mimi nililiona zaidi ya miaka kumi baadaye, katika banda la video hapa Majengo, kwa kanda iliyokwisha kuchakaa kiasi kwamba picha ilikuwa ikikatwa na mistari.

Waliopigilia msumari kwangu ni bendi ya Queen ya Uingereza. Walipewa kama dakika ishirini tu, nao wakafanya mazoezi ya dakika hizo hizo, wakachagua nyimbo zinazojulikana na kuzifupisha ili zitoshe. Mwimbaji wao Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, alipoanza kutoa sauti bila maneno na uwanja mzima wa Wembley ukawa unamwitikia, niliona kazi ile ile aifanyayo kiongozi wa ngoma huku kwetu: anatoa, wanapokea, anawapandisha kidogo kidogo hadi wanafika wasikodhani wangefika.

Walioniangusha ni bendi ya Led Zeppelin. Mwimbaji na mpiga ngoma Phil Collins aliimba London, akapanda ndege ya kasi ya Concorde hadi Marekani, kisha akakaa kwenye ngoma pamoja nao bila mazoezi ya kutosha, na wenyewe baadaye walikataa onyesho lao lisiwekwe katika DVD ya mwaka 2004. Naamini kwa dhati kwamba nia njema haimwondolei msanii wajibu wa kujiandaa. Karibuni.

Mchangiaji wa pili, Kongwa

Nashukuru kwa mada. Mimi ni mkulima wa alizeti, na aliyenikwaza ni mwanamuziki wa Marekani Bob Dylan, ambaye jukwaani Philadelphia alisema anatumaini sehemu ya fedha zile ingewasaidia wakulima wa Marekani kulipa madeni ya mashamba. Najua deni la pembejeo linavyomkosesha mtu usingizi, kwa hiyo simdharau. Hata hivyo, shida ya mwenye deni na shida ya mtoto anayekufa kwa njaa hazipimwi kwa kibaba kimoja, na siku ile ilikuwa ya watoto wa Ethiopia. Ni kweli kwamba maneno yake yalizaa Farm Aid, tamasha la kuwachangia wakulima wa Marekani, lililofanyika Septemba mwaka ule ule, nami nawapongeza walioliandaa. Bado naona aliyasema mahali pasipostahili.

Mchangiaji wa tatu, Kizota, fundi mitambo wa kwaya

Nitasema kwa ufupi. Paul McCartney alipoketi kwenye piano Wembley, kipaza sauti chake hakikufanya kazi kwa takribani dakika mbili, naye akaendelea kuimba mpaka sauti iliporudi. Mimi liliwahi kunipata jambo hilo katika harambee ya kuezeka kanisa; mwimbaji wetu alisimama, akanigeukia mbele ya wageni, na utulivu wa ibada ukapotea. Tangu hapo hubeba kipaza sauti cha akiba, na McCartney nampa alama zote.

Mchangiaji wa nne, Chamwino

Mimi nitazungumzia Live 8, matamasha ya kupinga umaskini yaliyofanyika katika miji mbalimbali duniani tarehe 2 Julai 2005, niliyoyatazama kwa jirani mwenye dishi nikiwa na mama yangu, ambaye hupiga muheme, ile ngoma ambayo akina mama wa Kigogo huibana mapajani. Madonna alipomshika mkono Birhan Woldu, yule mtoto wa picha za njaa ya Ethiopia ambaye sasa alikuwa msichana mzima, na kuanza kuimba bila kumwachia, mama aliacha kuchambua mboga. Baada ya muda akauliza, "Mwanangu, mbona wenye njaa yao hawaimbi?"

Swali hilo halijanitoka. Youssou N'Dour wa Senegali alipewa nafasi Hyde Park, London, akaimba na Mwingereza Dido, lakini wanamuziki wengi wa Afrika walipelekwa Cornwall, mbali kabisa na London, katika onyesho lililosimamiwa na mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel. Johannesburg nako kulikuwa na jukwaa, na Mzee Mandela alizungumza hapo. Kwetu Wagogo, ambao wazee wetu walitusimulia njaa ya Mtunya iliyokuja na Vita ya Kwanza ya Dunia, kuimba kuhusu njaa si jambo la kukabidhi wengine. Nilimkumbuka pia Hukwe Zawose, Mgogo mwenzetu mpigaji wa zeze na ilimba (marimba ya mkononi), aliyerekodi katika lebo ya Gabriel huyo huyo na kufariki Desemba 2003. Angekuwa hai, huenda tungemwona hapo Cornwall.

Sikubaliani na mwanzisha mada kwamba maandalizi ndiyo kipimo cha kwanza. Kwangu mimi swali la kwanza ni nani amepewa jukwaa lipi. Mwanachama aliyeona onyesho la Cornwall lote, naomba atueleze Thomas Mapfumo wa Zimbabwe na Maryam Mursal wa Somalia walipokelewaje, kwa kuwa mimi niliona vipande tu.