Walimu wenzangu, insha za darasa la tano zimenishinda. Nifanyeje?

Chaki Nyeupe:
Wakuu, heshima mbele. Nafundisha Kiswahili darasa la tano hapa Dar, mkondo mmoja watoto 87. Juzi nimesahihisha insha ya "Safari yangu ya mbugani". Karibu zote zimeanza na "Siku moja niliamka asubuhi na mapema, nikapiga mswaki." Kila simba ni mkali sana, kila twiga ni mrefu sana. Kosa ni langu, maana waliowahi kufika mbugani ni wawili tu.

Nataka waone kitu kwanza, wasikie ngoma, washike kinyago, ndipo waandike. Niliomba tuwapeleke Kijiji cha Makumbusho wakaone nyumba za asili, nikaambiwa nauli hakuna. Kuna aliyefanikiwa bila basi?

Fundi Rangi:
Mwalimu, tafuta picha moja tu ya Tingatinga, hata ya kalenda. Usiwaambie "elezeni picha", watakuhesabia miti na ndege. Uliza: huyu chui ameona nini hadi akatoa macho hivyo? Halafu wasimulie Edward Tingatinga mwenyewe, mtu wa Tunduru aliyeanza kuchora Dar mwaka 1968 bila kusomea, kwa rangi za mafuta juu ya vipande vya mbao za dari. Watoto wa uswahilini wakisikia habari ya mbao za dari wanachangamka, wanajua zinapookotwa.

Mtihani Kwanza:
Mambo ya wenye muda haya. Silabasi utaimaliza lini?

Fundi Rangi:
Mkuu, kipindi cha insha si kipo kwenye ratiba? Ni kilekile.

Mama wa Tanga:
Mwanangu, hangaiko la nini na kila nyumba ina kanga? Kila mtoto aje na jina la kanga moja ya mama au bibi. Asiibebe, aandike maneno tu, maana ikipotea utailipa wewe. Kazi ya nyumbani ni kuuliza: ulinunua lini, ulimnunulia nani, kwa nini ukachagua jina hili? Hapo ndipo penye hadithi. Ila jiandae, kanga nyingine ni vijembe. Mtoto akikuletea "Hasidi hana sababu" na jina la jirani juu yake, hiyo usiisome mbele ya darasa 😂

Kijana wa Newala:
Sisi tulianza na sindimba. Mzee mmoja wa mtaani alikuja na ngoma mbili, soda tu ikamtosha. Watoto wakacheza dakika kumi, wakaingia darasani jasho likiwatoka, wakaandika papo hapo. Niliwakataza neno moja: "nilifurahi". Ilibidi waseme miguu ilifanya nini na kifua kilidundaje. Na kalamu nyekundu iweke mbali siku hiyo. Mtoto akiona "r" na "l" zake zimezungushiwa duara, insha ijayo atarudi kwenye mswaki.

Chaki Nyeupe:
MREJESHO. Nimeanza na kanga kama alivyosema Mama wa Tanga. Watoto 20 na kitu walikuja mikono mitupu, wengine wanalelewa na baba, hilo sikulifikiria. Hao nikawaacha waandike kuhusu nguo yoyote isiyovaliwa nyumbani.

Kuna binti hajawahi kunivusha mistari minne. Safari hii kajaza ukurasa. Kanga ililetwa na baba siku aliyozaliwa yeye, mama hajawahi kuivaa, iko sandukuni na karafuu. Kamalizia: "Nikimuuliza ataivaa lini anasema, ukiolewa. Mimi nataka aivae Jumapili."

Nimeisoma mara tatu. Kijana wa Newala, huyo mzee wa ngoma ana ndugu yeyote huku Mbagala?